Kinanda na Amplifaya: Uhakiki wa Upigaji wa Jon Lord katika Bendi ya Deep Purple, 1969–1972

Utangulizi

Hakiki nyingi zinazomhusu mpiga kinanda wa bendi ya roki huanza na orodha ya vifaa na kuishia papo hapo. Msomaji huambiwa kwamba Ray Manzarek wa The Doors alipiga Vox Continental, kwamba Richard Wright wa Pink Floyd alitumia Farfisa, kwamba Keith Emerson alikichoma visu kinanda chake jukwaani, na kwamba Jon Lord wa Deep Purple alipiga Hammond C-3. Taarifa hizo ni za kweli na zina wapenzi wake. Hata hivyo, kuziita uhakiki ni sawa na kumhakiki mshairi kwa kutaja aina ya kalamu aliyoitumia. Tena, hata mfano huo wa kalamu hautoshi. Kalamu haiamui vina wala mizani, ilhali kinanda, pamoja na waya na spika zilizounganishwa nacho, huamua ni noti zipi zinazoweza kupigwa pamoja bila kuharibiana, ni noti ipi itakufa haraka na ipi itadumu, na ni kiungo gani cha mwili wa mpigaji kitakachobeba hisia. Orodha ya vifaa ina thamani pale tu mhakiki anapouliza kila kifaa kilimruhusu mpigaji kufanya nini na kilimkataza nini.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uamuzi wa Jon Lord wa kukiunganisha kinanda chake cha Hammond na amplifaya za Marshall, zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa, ulikuwa uamuzi wa kiutunzi. Kwa kawaida uamuzi huo huelezwa kama suluhisho la tatizo la kiufundi: gitaa la Ritchie Blackmore lilikuwa na sauti kubwa mno, na kinanda kilihitaji kusikika. Maelezo hayo ni sahihi kama chanzo, lakini hayaelezi matokeo. Matokeo yake ni kwamba Lord alilazimika kupiga noti chache kuliko alizozijua, na katika uchache huo ndimo alimotunga kazi zake bora.

Istilahi na mkabala

Neno "kinanda" lina historia pana katika Kiswahili. Pwani ya Afrika Mashariki lilitaja kwanza chombo cha nyuzi, cha jamii moja na gambusi. Baadaye likapanuka likataja piano, kinanda cha kanisani, na hata gramafoni. Katika taarab ya kisasa neno hilohilo hutaja kibodi ya umeme inayofanya kazi ambazo zamani ziligawanywa baina ya fidla, kanuni na kodiani. Upana huo unaweza kumsumbua mtafsiri wa istilahi za muziki. Kwa uhakiki wa Lord, hata hivyo, una faida yake, kwa kuwa chombo kinachochunguzwa kiko mpakani hasa: ni chombo cha vitufe kilichopewa tabia ya chombo cha nyuzi. Katika uchambuzi huu, "kinanda" pasipo sifa nyingine ni Hammond ya Lord.

Mkabala unaotumiwa unakopa kutoka kwa wanaumaumbo wa Kirusi, hasa Viktor Shklovsky, ambaye katika makala yake ya mwaka 1917 alitetea kwamba kazi ya mbinu za sanaa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni, ili mtazamaji akitazame upya. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutumia mkabala huo kwa tamathali na muundo wa matini. Kuuhamishia kwenye sauti kunahitaji hadhari moja. Katika matini, kitu kilichofanywa kigeni kimeandikwa na kinaweza kunukuliwa. Katika rekodi hakinukuliki. Kinaelezwa tu, na maelezo hayo yanaweza kukaguliwa na yeyote atakayeisikiliza rekodi hiyohiyo. Kwa sababu hiyo uchambuzi umejifunga kwenye rekodi zilizochapishwa na zinazopatikana kwa wingi.

Chombo chenyewe

Laurens Hammond, mhandisi wa Marekani, aliingiza kinanda chake cha kwanza sokoni mwaka 1935. Ndani yake hamna mirija ya upepo kama katika vinanda vya makanisa makuu. Mna magurudumu madogo ya chuma, 91 katika C-3, yanayozungushwa na mota. Kingo za kila gurudumu zina mawimbi, na gurudumu linapozunguka mbele ya sumaku iliyoviringishiwa waya huzalisha umeme wa masafa maalumu. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mpigaji haianzishi sauti. Magurudumu yote yanazunguka tangu chombo kilipowashwa, na sauti zote zipo tayari zikisubiri. Kubonyeza kitufe ni kufungua mlango ili mojawapo ipite.

Kutokana na muundo huo, kukigonga kitufe kwa nguvu au kwa upole hakubadilishi ukubwa wa sauti. Mpiga piano anayehamia kwenye Hammond hupoteza kwa mara moja lugha yote ya vidole aliyojifunza tangu utotoni. Badala yake hupewa vitu viwili. Cha kwanza ni vishikizo vya kuvuta, tisa katika kila seti, ambavyo kila kimoja huongeza au kupunguza tabaka moja la sauti juu ya noti ya msingi, hivi kwamba mpigaji anaweza kuichanganya sauti yake kama mpishi achanganyavyo viungo. Cha pili ni kikanyagio cha mguu wa kulia kinachoamua ukubwa wa sauti yote. Hisia, kwa maneno mengine, imehamishwa kutoka mkononi kwenda mguuni.

C-3 haitofautiani na B-3 kwa mashine ya ndani. Tofauti ni sanduku: la C-3 limefungwa pande zote, likiwa limekusudiwa kwa makanisa, ili miguu ya mpigaji isionekane na waumini. Makanisa mengi ya Marekani yaliyoshindwa kumudu kinanda cha mirija yalinunua Hammond, na humo kikapata sauti yake ya injili. Jimmy Smith ndiye aliyekifanya katika miaka ya 1950 kiwe chombo kikuu cha jazi, na kupitia rekodi za Smith na za wenzake kilimfikia Lord, kijana wa Leicester aliyezaliwa mwaka 1941, aliyefunzwa piano ya muziki wa kikale wa Ulaya na aliyekwenda London kusomea uigizaji. Historia hizi tatu, yaani kanisa, jazi na muziki wa kikale, huorodheshwa na karibu kila anayemwandikia Lord. Linalosahaulika ni kwamba zote tatu zilimfundisha kupiga noti nyingi.

Kutoka Leslie hadi Marshall

Spika iliyozoeleka kuandamana na Hammond ni Leslie, yenye tarumbeta na ngoma zinazozunguka ndani ya kabati, kiasi kwamba sauti hukaribia na kutoweka masikioni mwa msikilizaji kama king'ora cha gari linalopita. Leslie huifanya sauti ya Hammond ipumue. Katika "Hush" ya mwaka 1968, wimbo wa Joe South uliowatambulisha Deep Purple nchini Marekani, kinanda cha Lord bado kimo katika mila hiyo: sauti ni ya mviringo, mkono wa kulia unachezacheza kwa furaha ya jazi, na gitaa linakaa pembeni. Deep Purple ya mwanzo ilikuwa kwa kiasi kikubwa bendi ya kinanda.

Mwaka 1969 mwimbaji na mpiga besi walibadilishwa. Ian Gillan na Roger Glover wakaingia, na uzito wa bendi ukahamia kwa Blackmore. Kufikia albamu ya In Rock ya Juni 1970, kinanda kilikuwa kimeacha kuviringika na kilikuwa kimeanza kukwaruza. Lord alikuwa ameingia katika njia ya kupitisha sauti ya Hammond kwenye amplifaya za Marshall, chapa iliyoanzishwa na Jim Marshall jijini London mwanzoni mwa muongo huo kwa ajili ya wapiga gitaa.

Ni lazima kueleza kinachotokea ndani ya amplifaya hiyo, maana hoja yote imesimama hapo. Valvu inapolishwa umeme mwingi kuliko inavyoweza kuukuza kwa usafi, vilele vya mawimbi hukatwa na sauti hupata mkwaruzo. Noti moja inayopita humo huongezewa sauti za juu na kuwa nene. Noti mbili zinapopita kwa pamoja, huzaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, zitokanazo na jumla na tofauti za masafa yao. Ikiwa noti hizo mbili zina uwiano sahili, kama ule wa noti ya kwanza na ya tano ya skeli, au ya kwanza na ya nne, uzao wao hukaa vizuri ndani ya sauti na kuipa uzito. Ikiwa zimepigwa noti nne au tano zenye uwiano tata, kama mpiga jazi apendavyo, uzao wao hugombana na kinachosikika ni fujo. Wapiga gitaa wa roki walikuwa wamejifunza hilo kwa masikio, na ndiyo maana muziki wao ulijaa jozi za noti kavu.

Lord alipoingia katika amplifaya hiyo, aliingia pia katika sheria yake. Utajiri wa vishikizo tisa ulipungua thamani, kwa sababu mkwaruzo huongeza sauti za juu zake wenyewe na kufunika tofauti ndogondogo ambazo vishikizo vinaweza kuzileta. Mikusanyiko mipana ya noti aliyoijua kutoka kwa Smith haikuwezekana tena, isipokuwa pale alipotaka fujo kwa makusudi. Kwa upande mwingine, alipata kitu ambacho Hammond haikuwahi kumpa mtu kwa urahisi: kikanyagio cha mguu sasa hakikubadilisha ukubwa wa sauti tu, bali na umbile lake. Akikikanyaga kidogo, sauti ilikuwa safi. Akiendelea kukikanyaga, ilianza kupasuka. Mguu ulipewa kazi ambayo kwa mpiga gitaa hufanywa na vidole kwenye waya.

Usikilizaji wa rekodi

"Child in Time" ndio wimbo unaoonyesha mabadiliko haya waziwazi zaidi, kwa kuwa tabia zote mbili za chombo zimo ndani yake. Tuni ya msingi ilitokana na "Bombay Calling" ya bendi ya Marekani It's a Beautiful Day, na katika mikono ya Deep Purple mwendo wake ulipunguzwa sana. Wimbo unaanza na kinanda chenye sauti ya chini, safi, kinachorudia hatua chache bila pambo. Msikilizaji aliyelelewa na ibada za Jumapili hutambua mahali alipo: hii ni sauti ya kanisa kabla ya watu kuingia. Kadiri sauti ya Gillan inavyopanda, kinanda hakibadilishi noti zake kwa kiasi kikubwa. Kinabadilisha umbile lake. Hatua zilezile zilizokuwa sala zinakuwa tishio. Kwa maneno ya Shklovsky, kilichozoeleka kimefanywa kigeni, na hilo limefanyika bila kuongeza kitu kipya katika tuni. Mpiga kinanda mwenye mafunzo ya Lord angeweza kuujaza utangulizi huo kwa vikolombwezo. Kujizuia kwake ndiko kunakoupa wimbo wa dakika kumi mahali pa kuanzia.

Katika "Speed King", wimbo unaofungua albamu hiyohiyo katika toleo la Uingereza, mantiki ni kinyume chake. Kwanza zinasikika kelele za bendi nzima, kisha kinanda peke yake kwa utulivu, kisha vurumai ya wimbo. Katikati, kinanda na gitaa vinajibizana kwa sauti ya chini, kimoja kikisema na kingine kikijibu kama watani. Majibizano hayo hayangewezekana kama chombo kimoja kingekuwa na haki ya asili ya kusikika kuliko kingine.

Machine Head ilirekodiwa Montreux, Uswisi, Desemba 1971, kwa mtambo wa kurekodia uliokuwa ndani ya lori, mali ya Rolling Stones. Kisa cha kuungua kwa ukumbi wa kasino, kilichozaa "Smoke on the Water", kimesimuliwa kupita kiasi na hakihitaji kurudiwa. Kinachohitaji kusemwa ni kwamba tuni fupi ya wimbo huo, ambayo kila mwanafunzi wa gitaa duniani huijaribu siku yake ya kwanza, haipigwi na gitaa peke yake. Gitaa linaitangulia, kisha, pamoja na matoazi ya dramu, kinanda cha Lord kinaingia na kuipiga tuni hiyohiyo, kikikwaruza karibu sawa na gitaa. Imetungwa kwa jozi za noti zilizo umbali wa nne, yaani jozi ambazo, kama ilivyoelezwa, amplifaya iliyolemewa huzipokea vizuri. Vyombo viwili vinapoungana, sikio hupata shida kuvitenganisha.

Mhakiki mkali anaweza kusema kwamba huko ni kushindwa. Mpiga kinanda amekuwa kivuli cha mpiga gitaa. Aliyeiga amekiri kwamba aliyeigwa ndiye bwana. Pingamizi hilo lina nguvu na haliwezi kupuuzwa, hasa kwa kuwa kumbukumbu ya umma imeupa wimbo huo gitaa peke yake. Hata hivyo linasahau tofauti moja ya maumbile. Waya wa gitaa ukichanwa huanza kufa papo hapo. Noti ya Hammond haifi: mlango ukiwa wazi, gurudumu linazunguka na sauti inaendelea kwa nguvu ileile. Katika tuni ya "Smoke on the Water" gitaa linatoa mwanzo wa kila noti na kinanda kinatoa urefu wake. Kikitolewa kinanda, tuni inabaki lakini inakonda, kama inavyothibitishwa na maelfu ya wanafunzi wanaoipiga peke yao na kushangaa kwa nini haifanani na rekodi.

Jibu kamili zaidi la pingamizi hilo limo katika nyimbo nyingine za albamu hiyo. Katika "Highway Star" solo ya kinanda hutangulia ya gitaa, na zote mbili hufuata mipando ya noti ya kikale inayokumbusha karne ya Bach. Lord anapiga hapo noti nyingi kwa kasi, lakini moja baada ya nyingine, kama mstari. Amplifaya haigombani na mstari. Hapa mafunzo yake ya utotoni yamepata mlango wa kuingilia ambao jazi haikuupata. "Lazy" nayo inaanzishwa na kinanda peke yake, kwa mkwaruzo wa makusudi, mlio kama wa mashine inayoamshwa, kisha kinajiweka sawa na kuingia katika bluzi. Mwimbaji hasikiki hadi zaidi ya dakika nne zimepita. Na "Space Truckin'" inabeba uzito wake wa mwanzo juu ya kinanda kilichokwaruzwa kiasi kwamba wasikilizaji wengi huamini ni gitaa. Katika nyimbo hizi anayeigwa si rahisi kumtambua. Blackmore anapanga mistari kama mpiga kinanda wa kikale, Lord anachuna mkwaruzo kama mpiga gitaa, na mpaka baina yao unavukwa kutoka pande zote mbili.

Si kila kitu katika mbinu hii kinastahili sifa. Made in Japan, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo Agosti 1972, ina toleo la "Space Truckin'" linalokaribia dakika 20, na sehemu kubwa ya urefu huo imeachiwa kinanda. Jukwaani, mbele ya mwili wa mtu anayehangaika na sanduku zito kuliko yeye mwenyewe, milio ile bila shaka ilikuwa tamasha. Katika rekodi, mwili haupo. Kinachobaki ni orodha ya yale ambayo chombo kinaweza kufanya kikiteswa: mingurumo, mipasuko, kimya, mingurumo tena. Uhuru aliojinyima Lord katika studio, akautumia wote hapa kwa mara moja, na sikio linachoka. Tofauti na hapo ni "Child in Time" ya tamasha hilohilo, ambamo utangulizi wa kinanda umeachwa uwe mtupu kama katika studio, na ukumbi mzima unaonekana kushusha pumzi.

Kinanda mbele ya okestra

Wanaotaka kumpa Lord heshima ya juu kwa kawaida huelekea kwingine kabisa: Concerto for Group and Orchestra, iliyopigwa Royal Albert Hall tarehe 24 Septemba 1969 na Deep Purple pamoja na Royal Philharmonic Orchestra chini ya Malcolm Arnold. Huo ndio ushahidi unaotajwa kwamba mpiga kinanda wa roki alikuwa mtunzi wa kweli. Dhana iliyofichika katika sifa hiyo ni kwamba roki haiwezi kumfanya mtu mtunzi, na kwamba cheti lazima kitolewe na okestra.

Uamuzi wa hapa ni tofauti. Kwa muda mwingi wa sehemu yake ya kwanza, kazi hiyo inaziweka pande mbili katika ugomvi: okestra inasema, bendi inakatiza, okestra inarudi. Wazo ni la kitamthilia, na hapo huenda masomo ya uigizaji ya Lord yanajitokeza. Lakini katika ugomvi huo kinanda hakina kwao. Kikiwa upande wa bendi, kinafunikwa na gitaa na dramu. Kikielekea upande wa okestra, kazi yake ya kudumisha noti ndefu tayari inafanywa na vinubi vya upinde na shaba kwa ufasaha zaidi. Mtunzi aliwapa wote sehemu nzuri isipokuwa chombo chake. Miezi tisa baadaye, kwenye In Rock, pasipo fidla hata moja, kinanda kilekile kilipata nafasi ambayo ukumbi ule mkubwa haukuweza kukipa.

Jina la mtunzi

Suala la nani anahesabiwa kuwa mtunzi si la nadharia tu. Nyimbo za Deep Purple za kipindi hiki zilisajiliwa kwa majina ya wanachama wote watano. Utaratibu huo ulikuwa wa haki kifedha, lakini umeufanya mchango wa kila mmoja usionekane katika karatasi, na pengo hilo likajazwa na kumbukumbu ya umma inayomwona mpiga gitaa kwanza. Mfano wa kulinganisha ni "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum ya mwaka 1967. Matthew Fisher, aliyepiga Hammond katika rekodi hiyo, hakutajwa kuwa mtunzi. Alikwenda mahakamani karibu miongo minne baadaye, na mwaka 2009 House of Lords ya Uingereza ilithibitisha haki yake ya sehemu ya utunzi, iliyokuwa imekadiriwa na mahakama ya awali kuwa asilimia 40. Alishinda kwa sababu alichokipiga kilikuwa tuni: kinaweza kuimbwa kwa mdomo, kuandikwa kwa noti na kuwekwa mbele ya jaji.

Mchango mkuu wa Lord hauna umbo hilo. Katika "Smoke on the Water" hakuongeza noti yoyote kwenye tuni. Aliongeza urefu na unene. Katika "Child in Time" alipandisha umbile la sauti huku noti zikibaki zilezile. Hakuna jaji angeweza kuuandika mchango huo kwenye mistari mitano, na kwa sababu hiyohiyo uhakiki unaotegemea maandishi ya noti humhesabu Lord kuwa mtunzi wa Concerto na msindikizaji wa "Smoke on the Water". Mpangilio huo unastahili kupinduliwa. Suala hili linawahusu pia watafiti wa taarab ya kisasa, ambayo mashairi yake yamechambuliwa kwa kina katika tasnifu nyingi za Kiswahili huku mpiga kinanda, anayeamua rangi ya wimbo tangu mlio wa kwanza, akiachwa katika sentensi moja ya shukrani.

Historia ya Concerto yenyewe inatoa ushahidi wa mwisho. Maandishi yake ya noti yalipotea baada ya maonyesho ya mwanzo. Mtunzi wa Kiholanzi Marco de Goeij aliyaunda upya kwa kusikiliza rekodi na kutazama filamu ya tamasha mara nyingi, na kwa msaada wa Lord kazi ilipigwa tena Royal Albert Hall mwaka 1999, safari hii na London Symphony Orchestra chini ya Paul Mann. Sehemu za fidla, za shaba na za mbao zingeweza kurejeshwa kwenye karatasi noti kwa noti. Sehemu ya kinanda ilihitaji kitu kingine: Lord mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 58, mguu wake wa kulia juu ya kikanyagio.